Kioo Kilichosikia Hodi

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya fisi kwenda kuposa, nasema zamani ya juzijuzi tu, watu wakiwa na simu mfukoni na bado wakiazimana chumvi, palikuwa na mji uitwao Kwamdimu. Sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sipendi kukatizwa, na nikimaliza nitataka jibu kwenu. Mimi jibu sina, na nimelitafuta sana.

Katika mji huo aliishi mjane mmoja, Bi Mwatumu, mke wa marehemu Kibwana aliyekuwa fundi redio. Mlango wa nyumba yake ulitazama barabara, lakini mwenyewe kutwa alikuwa uani, nyuma kabisa, kwenye jiko la mkaa, akichemsha kahawa ya tangawizi. Nyumba ile haikukosa mgeni. Mtu akisimama mlangoni akiita "Hodi!", kutoka uani ilijibu sauti ndefu, "Karibuuuu!", ndefu hata mpita njia asiyehusika alijiona kaalikwa, akaingia, akanywa.

Na mwaijua hodi yetu. Hodi ni ya mdomo. Mtu huita, hunyamaza, hungoja. Huita tena, hungoja tena. Asipojibiwa ya tatu huenda zake. Hagusi komeo, hachungulii dirishani kama mwizi wa kuku, na haondoki na kinyongo. Ndivyo tulivyofundishwa. Ila tuseme kweli, wenzangu: siku ya kwanza kinyongo hana, siku ya pili anacho kidogo, na siku ya tatu kinyongo kimeshavaa viatu, kinatembea chenyewe.

Basi masikio ya Bi Mwatumu yakaanza kuziba. Kwanza zilimpotea sauti za ndege. Ikafuata sauti ya maji yakichemka. Mwisho ikampotea hodi. Daktari alimwambia ni umri, haina dawa. Bi Mwatumu akajitanda kanga yake, akarudi nyumbani, na hakumwambia mtu. Aliona aibu. Mke wa fundi redio, ambaye mumewe aliufanya mji mzima usikie, leo yeye awe kiziwi? Ukimsemesha uso kwa uso alikutazama midomo, akakisia, akatikisa kichwa, mambo yakaenda. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na upweke kabla kifo hakijapata nafasi.

Maana watu walikuja, wakaita, wakangoja, wakaondoka. Wakaja wengine, wakaita, wakangoja, wakaondoka. Siku ya Idi akaja wifi yake, Bi Mwanjaa, dada wa marehemu Kibwana, kabeba sinia la pilau limefunikwa kawa. Akaita hodi, akangoja. Akaita, akangoja. Harufu ya kahawa ilimjia kutoka uani, kwa hiyo alijua mwenye nyumba yumo. Akaita ya tatu, akangoja kuliko alivyopata kungoja mlango wowote, jua linamchoma, sinia linamwelemea mikono. Kimya. Bi Mwanjaa akageuka na sinia lake, na kabla pilau haijapoa mji mzima ulikuwa na habari.

"Wifi yangu kavimba kichwa," alisema sokoni, akasema bombani, akasema kwenye foleni ya mashine ya kusaga. "Kaka yangu alipokuwa hai nilikuwa wifi. Kafa kaka yangu, nimekuwa mwombaji!"

Mji ukaamini. Nani amjuaye mtu kuliko wifi yake? Watu wakaacha kwenda. Na kule uani Bi Mwatumu alichemsha kahawa kila alasiri, akapanga vikombe, akangoja, kisha akaimwaga kwenye mpapai. Mpapai ule ulikunywa kahawa kuliko mzee yeyote wa Kwamdimu. Moyoni alisema, "Mume wangu kaondoka, na watu wake kaondoka nao." Alilia, na alilia peke yake.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Jirani wa nyuma alikuwa na binti, Mwanamvua, aliyemaliza chuo cha ufundi na kusomea vifaa vya umeme vidogo vidogo. Kazi hakupata, lakini mikono haikutulia. Nyaya zake, betri zake na vibodi vyake vya kijani alivitandaza jikoni kwa mama yake, kwenye ubao wa kukatia mboga, na kila jioni vilifagiliwa pamoja na maganda ya vitunguu. Siku moja alipenya kwenye ua kuja kuazima ungo.

"Shikamoo, bibi!"

Bi Mwatumu amempa mgongo, anapepea mkaa.

"Bibi, shikamoo!"

Kimya. Shikamoo kukosa kuitikiwa, jamani! Mwanamvua akamgusa bega, na yule bibi akaruka, birika likaanguka, majivu yakafumka. Binti akamtazama usoni, akasema polepole kwa kuivuta midomo: "Bibi, kumbe hunisikii?"

Bi Mwatumu akafungua kinywa adanganye. Uongo haukutoka, yakatoka machozi.

"Wamenitupa, mjukuu wangu. Hawaji tena."

"Walikuwa wanakuja, bibi! Wanabisha hodi mpaka wanachoka. Wanasema unaringa."

"Mimi? Niringie nini, na mgeni wangu ni mpapai?"

"Basi niende nikawaambie ukweli. Waingie tu moja kwa moja."

Bi Mwatumu akamshika mkono kwa nguvu. "La! Nyumba inayoingiwa bila hodi ni nyumba yenye maiti. Mimi bado ni hai. Usimwambie mtu. Lakini sikiliza. Atakayenirudishia hodi yangu, mlangoni pangu, watu wakaniita nami nikawaitikia, nitampa ufunguo wa banda la marehemu. Na naapa."

Banda lile lilikuwa kando ya barabara kuu, limefungwa tangu msiba. Lilikuwa na umeme, meza ya mninga iliyochomwachomwa na pasi ya kulehemu, rafu mpaka juu, na dirisha la kuuzia. Nani asiyelitamani? Mwanamvua aliliota hata mchana.

Akafikiri, akafikiri, kisha akasema, "Bibi, sikio siwezi kulitibu. Lakini jicho lako zima. Hodi tuipeleke kwenye jicho."

Alikuwa na chipu, kile kidude cha kupokea maagizo na kuyafuata, kisichozidi ukucha wa dole gumba. Hakuwa na kioo cha kuandikia. Akaenda sokoni kwa Chande, fundi simu, aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwamvuli uliochanika. Ufundi wake Chande alifundishwa na marehemu Kibwana, kwenye meza ile ile ya mninga.

"Nahitaji kioo kidogo, kaka Chande. Nataka mtu akibonyeza mlangoni kwa Bi Mwatumu, kioo kimwandikie uani kuwa kuna mgeni."

"Kwani yeye ana nini hata asiitikie kama watu?"

Mwanamvua akaona hapana budi, akamnong'oneza habari ya sikio na ya banda, akamwapisha. Chande akafungua kopo lake la mizoga ya simu, akatoa kitochi kilichoungua, ile simu ndogo ya vitufe, akakibandua kioo, upana wa vidole viwili, akakilehemu kwenye bodi kwa mkono mwepesi kama anashona lesi. Siri ya sikio aliitunza, apewe haki yake. Ila habari ya banda ilimshinda. Kabla ya adhuhuri soko zima lilijua kwamba Bi Mwatumu anatoa banda kwa atakayemwekea mtambo wa hodi.

Mtambo ukawekwa. Mlangoni kitufe chekundu, chini yake maandishi: BONYEZA HAPA. Waya ukapita ukutani mpaka uani. Mbele ya jiko, kikasha cha plastiki chenye kile kioo na taa nyekundu. Mwanamvua akaenda mlangoni, akabonyeza. Taa ikawaka, kioo kikaandika: HODI. Bi Mwatumu akalisoma neno lile, akaligusa kwa kidole, akaweka mkono kifuani, akaita kwa sauti yake yote ya zamani: "Karibuuuu!" Mwanamvua kule mlangoni akacheka mpaka akakaa chini.

Wakangoja wageni. Hakubonyeza mtu.

Watu walipita, wakasoma, wakasonya. Mzee Shekalaghe, aliyekuwa mnywaji mkubwa wa kahawa ile, alisimama mbele ya kitufe, mikono nyuma. "Mimi nibonyeze nyumba ya mtu?" akasema. "Nyumba ni embe, ibonyezwe ijulikane kama imeiva?" Akaita hodi kwa mdomo, kama alivyofundishwa na mama yake, akangoja, akaondoka. Na Bi Mwanjaa akapata maneno mapya: "Mmeona? Sasa hata hodi zetu hazitaki. Tumbonyezee!"

Mwanamvua alitaka kulia. Alikuwa amefikiria chipu, amefikiria waya, amefikiria betri siku umeme ukikatika. Watu wa Kwamdimu hakuwafikiria, naye ni mmoja wao.

"Usilie," Chande alimwambia. "Watu hawataki kubonyeza? Basi mtambo usikilize. Tuuwekee sikio."

Akarudi kwenye kopo la mizoga, akatoa maiki ya kitochi kingine, akailehemu mahali pa kitufe. Sasa sauti yoyote mlangoni, kioo kinaandika HODI. Wakajipongeza, wakanywa kahawa, wakaenda zao.

Ah! Msicheke kwanza.

Jogoo akawika: HODI. Bi Mwatumu akaacha jiko, akakimbia mlangoni, "Karibuuuu!" Hapana mtu. Akarudi. Pikipiki ikapita: HODI. Akakimbia, "Karibuuuu!" Hapana mtu. Akarudi. Mwuza maji akapiga kelele barabarani: HODI. Mashine ya kusaga ikaanza kunguruma: HODI, HODI, HODI, taa inawaka kama ina homa. Yule mama wa watu, magoti yamevimba, akakimbia kwa sababu alijiambia, je, hii ikiwa ndiyo ya kweli? Akafungua mlango, akakuta mbuzi anatafuna mfagio, analia. Na kwa kuwa neno lilikuwa limeshafika mdomoni, likatoka: "Karibu! Karibu ndani!"

Watu waliona, na mji ukapasuka mbavu. Jana mwenye maringo, leo mwendawazimu, anamwalika mbuzi kahawa.

Habari ikamfikia Bi Mwanjaa, aliyekuwa akishona cherehani kwenye baraza la duka la watu. Naye alikuwa ameshaudhika kwa habari ya banda. Banda la kaka yake! Alilolishikia mbao likijengwa! Ligawiwe kama pipi za maulidi? Akafunga cherehani, akaja mbio kugomba, na njiani akawa anayapanga maneno, makali makali mbele, machungu nyuma.

Alipofika ng'ambo ya barabara akamwona wifi yake mlangoni na yule mbuzi. Akacheka, sitamficha. Alicheka kwanza. Kisha akaona jinsi Bi Mwatumu anavyotazama kushoto, anavyotazama kulia, shingo kaitoa, akimtafuta mtu aliyemwita. Kicheko kikamfia mdomoni. Akavuka barabara, akasimama nyuma yake, hatua chache tu, akaita: "Wifi!"

Bi Mwatumu hakugeuka.

"Wifi! We Mwatumu!"

Hakugeuka. Anamtazama mbuzi tu.

Bi Mwanjaa akaacha kuita. Akamkumbuka mtu aliyesimama pale pale siku ya Idi na sinia la pilau. Akazunguka mbele, akamshika wifi yake mashavu, na yale maneno makali hakuyakuta tena.

"Kumbe hukunisikia! Siku ile hukunisikia!"

"Siku ipi, wifi?"

"Usiniulize siku. Nimekutangaza mji mzima, nawe ni mgonjwa wa sikio!"

"Nami nilinyamaza," Bi Mwatumu alisema. "Ilinipasa nikuambie."

Wakaingia ndani wameshikana, na mbuzi nusura aingie nao.

Uani waliwakuta Mwanamvua na Chande, wamerudi kwa kupenya kwenye ua, wanabishana. Chande anasema maiki ina kasoro, ipunguzwe nguvu. Mwanamvua anasema ikipunguzwa haitamsikia hata mgeni. Chipu itajuaje hodi na jogoo? Zote ni kelele. Wamekwama, na nyuso zimewaanguka.

Bi Mwanjaa akawasikiliza. Kisha akasema, "Mnasikiliza kelele. Hodi si kelele. Jogoo akiwika hangoji jibu. Pikipiki haingoji. Mashine haingoji. Ni mtu peke yake ndiye anayeita, akanyamaza, akangoja. Usikilizeni ule unyamavu."

Mwanamvua akaacha kinywa wazi. Akaketi hapo hapo kwenye kinu kilicholazwa, kompyuta yake mapajani, akaanza kuiandikia chipu maagizo mapya: sauti, kimya, sauti, kimya, sauti, kimya, hapo ndipo uandike. Chande akaitia maiki ndani ya kopo la maziwa ya unga, mdomo wa kopo ukielekea kizingiti, ili makelele ya barabarani yapungue.

Wakajaribu. Mwanamvua akatoka, akaita hodi yake. Kioo kikanyamaza. Chande akatoka, akaita yake. Kioo kikanyamaza.

"Hodi gani hizo?" Bi Mwanjaa akasema. "Huyu anaita kama anafukuza kuku, na huyu ni polisi. Unyamavu wenu mfupi. Hamjapata kusimama mlangoni mkitaka kweli kufunguliwa."

Akatoka yeye. Akasimama pale pale. "Hodi," akaita, akangoja. Ndani Mwanamvua akaupima ule unyamavu kwa kompyuta. "Hodi," akangoja. Akaupima. "Hodi," na sauti ikamkatika kidogo, akangoja. Mwanamvua akaufundisha mtambo kimya kile, urefu wake ule ule aliosimama nao siku ya Idi, si zaidi, si pungufu. Wakawasha upya. Jogoo akawika, kioo kimya. Pikipiki ikapita, kioo kimya. Bi Mwanjaa akaita: taa nyekundu, na neno: HODI.

"Karibuuuu!"

Sauti ile ikavuka ujia, ikatoka barabarani, ikafika mpaka sokoni. Mzee Shekalaghe aliisikia akiwa kwa kinyozi, ndevu upande mmoja zimenyolewa, upande mmoja bado. Akasimama hivyo hivyo. Alifika mlangoni, akatia mikono nyuma, akaita hodi ya mdomo kama mama yake alivyomfundisha, na kutoka uani akaitikiwa. Aliingia akijifuta macho kwa taulo la kinyozi. "Nilidhani umenichukia, mama," akasema. Bi Mwatumu alimsoma midomo na kumpa kikombe. Safari hii aliwaambia wote kwa kinywa chake, "Sisikii, jamani. Kioo ndicho kinachonisikilizia." Watu wakaja, wakaja, mpaka vikombe vikaazimwa kwa jirani, na mpapai ukakosa kahawa.

Hapo ningeweza kuishia na mkaenda zenu mkifurahi. Lakini ahadi ni deni, na ya Bi Mwatumu mji mzima uliisikia.

Ijumaa, baada ya sala, walikusanyika mbele ya lile banda. Bi Mwatumu akakaa kwenye kigoda, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga. Akawatazama wadai wake watatu midomoni.

Mwanamvua akatangulia. "Kama si mimi, mpaka leo mngesema bibi anaringa. Mimi ndiye niliyemwona. Mimi ndiye niliyesema hodi iende kwenye jicho. Maagizo yote yaliyomo kwenye ile chipu niliyaandika mimi. Bila mimi, kioo cha Chande ni kioo cha simu iliyoungua, na maneno ya Bi Mwanjaa ni maneno. Nikipata banda, nitabaki Kwamdimu nitengeneze vya kufaa watu. Nisipopata, nitakwenda jijini nikauze makava ya simu kwenye duka la mtu."

"Ana haki!" watu wakasema.

"Ana haki, lakini alitaka kutubonyezesha!" mmoja akadakia, wakacheka.

Chande akasimama. "Kama si mimi, maagizo yake yangebaki kichwani mwake. Chipu haina jicho wala sikio. Jicho nilitoa mimi, sikio nilitoa mimi, kwenye kopo langu, na mkono uliounganisha ni huu. Mkono huu ulifunzwa na nani? Na Mzee Kibwana, kwenye meza hiyo iliyomo humo ndani. Mwanafunzi ndiye hurithi meza ya mwalimu. Na mvua ikinyesha, simu za watu wote mlio hapa zinalowa chini ya mwamvuli wangu."

"Ana haki!" watu wakasema, hasa wenye simu.

"Ana haki, lakini alimkimbiza mama wa watu mpaka akamkaribisha mbuzi!"

Bi Mwanjaa akasimama mwisho. "Kama si mimi, mbuzi wangekuwa wanakaribishwa mpaka leo. Hawa wana akili na mikono, siwapunguzii. Walikwama, na mimi ndiye niliyewakwamua. Kile kimya kilichomo ndani ya mtambo ni changu. Banda hili lilijengwa na kaka yangu, nami nikamshikia mbao. Lilipofungwa sikusema neno, sikutaka nionekane nagombea mirathi. Leo sidai kwa damu. Nadai kwa nilichofanya. Na cherehani yangu iko kwenye baraza la mtu, atakaponichoka nitashonea wapi?"

"Ana haki!" watu wakasema.

Mzee Shekalaghe akakohoa. "Ana haki. Lakini kinywa kilichotufanya tusije ni hicho hicho, bi mkubwa."

Bi Mwanjaa akainamisha uso. Alipouinua hakuwa na hasira. "Ni kweli. Ni kosa langu, na nitaliombea msamaha mpaka nife. Lakini nisingesimama mlangoni nikaumia, ningekijuaje kile kimya? Mkitaka kuninyima kwa kosa langu, kitoeni kwanza kimya changu kwenye mtambo."

Mtu mmoja mwenye huruma akasema, "Si wagawane?" Banda likafunguliwa, wakaingizwa watatu kujaribu. Chande akageuka, kiwiko kikamwingia Bi Mwanjaa ubavuni. Mwanamvua akakwama kati ya rafu na meza, akavutwa kwa mkono. Wakatoka wanahema na watu wanacheka. Banda lile lilijengwa kwa fundi mmoja na kigoda kimoja, basi.

Mwingine akasema, "Wapige kura." Bi Mwatumu akatikisa kichwa. "Kura haikukaa uani kwangu. Haijui niliyoyapata."

Wa tatu akasema, "Basi kaa na ufunguo wako, mama, wote wabaki marafiki." Bi Mwatumu akamtazama. "Niliapa nikiwa na shida," akasema. "Nikivunja kiapo nikiwa na raha, nitakuwa mtu gani?"

Akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo. Akasimama. Akamtazama Mwanamvua, binti aliyepita kwenye ua akamwona. Akamtazama Chande, aliyetoa jicho na sikio. Akamtazama wifi yake, aliyemwumiza akamponya. Wote watatu aliwapenda, na aliogopa. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku masikio yalipoziba, maana aliona jambo ambalo umati haukuliona. Mikono mitatu ilikuwa mbele yake. Mmoja ungeondoka na ufunguo. Miwili ingeondoka mitupu, na wenye mikono ile mitupu ndio hao hao waliomletea hodi nyumbani.

"Njooni karibu," akasema, akanyoosha mkono wenye ufunguo.

Nami naachia hapa. Msinitazame, nilisema mapema kwamba jibu sina. Nimekwisha kuwasikia watu wakigombana kwa kisa hiki mpaka ndugu wakasusiana chakula, mmoja anasema ufunguo uende kwa aliyewaza, mwingine kwa aliyetengeneza, mwingine kwa aliyejua.

Haya, ninyi mlioketi hapa, simameni mahali pa Bi Mwatumu. Ufunguo mnao ninyi. Je, mngeuweka kwenye kiganja cha nani? Na wale wawili mtakaowanyima, mtawaambia nini leo, ili kesho alasiri waje tena mlangoni waite hodi, na wangoje?